Shati la Mkono Mmoja

Siku yangu ya kwanza kazini, katika wodi ya wagonjwa wa akili mjini Mbarara, nilipokelewa na mwanamke aliyevaa gauni la bluu lililopigwa pasi vizuri. Alinipa mkono, akaniuliza jina langu na kwetu ni wapi, kisha akanionyesha mahali pa kutundika koti. Aliniambia zamani alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nilidhani ni mfanyakazi mwenzangu, tukanywa chai pamoja. Nilipoweka kikombe chini, akanipa mkono tena.

"Karibu sana. Unaitwa nani? Kwenu ni wapi?"

Nilicheka, nikifikiri ni mzaha. Yeye hakucheka. Nikamjibu upya, akafurahi kama mtu anayesikia jina hilo kwa mara ya kwanza, na kabla sijaondoka mezani akaniuliza tena. Mwili wote ulinisisimka. Nilikuwa nimejiandaa kuona watu wanaopiga kelele na kurusha sahani. Hilo la gauni la bluu hakuna aliyenifundisha.

Sista Mkuu wa wodi, mama mfupi mwenye sauti nzito, aliniita kando.

"Umeshtuka."

"Ndiyo, Sista. Nilidhani ni muuguzi."

"Yule ana skizofrenia, ugonjwa wa kusikia sauti zisizokuwapo na kuamini mambo ambayo hayapo. Sauti tulizinyamazisha kwa dawa zamani sana. Lakini ugonjwa huo haukomei kwenye sauti. Unagusa kumbukumbu, unagusa namna mtu anavyopanga siku yake, anavyoweka akili mahali pamoja. Hilo dawa zetu haziligusi. Muuguzi asiyelijua atamwita mgonjwa mkaidi, au mvivu, au mwongo. Mimi sitaki muuguzi huyo kwenye wodi yangu."

Niliitikia, nikaenda kuvaa aproni. Ndivyo nilivyoingia katika kazi iliyonichukua hadi nywele zikawa nyeupe.

Mimi ni Kyomugisha, Mnyankole wa hapa hapa. Baba alikuwa askari, nami nilikulia kambi ya jeshi ya Makenke, ambako watoto tulicheza kwa Kiswahili kwa sababu kila nyumba ilikuwa na lugha yake. Kiswahili hicho cha kambi ndicho kilichoamua safari zangu. Kila ofisi ilipotafuta muuguzi wa akili wa kupeleka kwa wakimbizi, mtu alikuwa akisema, "Mpelekeni binti wa askari."

Kwanza walinipeleka makazi ya wakimbizi ya Oruchinga. Huko nilimkuta mzee mmoja Mrundi, mtu wa rozari na maneno machache, aliyekuwa akitibiwa kwa ugonjwa huo huo. Alikuwa akirudi kituoni mara na vidonge vyote bila kuguswa, mara na mkebe mtupu kabla ya wakati. Afisa tiba aliyekuwa msimamizi wangu alichoka naye. "Huyu hataki kupona," alisema. "Anacheza na dawa za serikali." Nikamfuata mzee nyumbani. Alinikaribisha kwenye kigoda, akameza vidonge vyake vya asubuhi mbele yangu, akanywa maji, tukazungumza habari za mvua. Kisha akanyoosha mkono, akafungua mkebe, akamimina tena vidonge kiganjani.

"Mzee, unafanya nini?"

"Dawa ya asubuhi, mwanangu. Sijanywa."

Niliushika mkono wake kwa nguvu hata vidonge vikaanguka chini. Yeye alinitazama kwa hofu, na mimi nikamtazama kwa hofu. Hapakuwa na ukaidi wowote ndani ya nyumba ile. Palikuwa na mtu asiyejua alichokifanya muda mfupi uliopita, na mkebe wa dawa ambao ungemuua. Mke wa mwanawe alipewa ule mkebe autunze, na tangu hapo mzee hakutupa shida tena. Nilipomweleza msimamizi wangu, alisema, "Wangapi wengine tumewasema hivyo?" Hatukuweza kujua, kwa sababu hatukuwa tukipima.

Kupima kulikuja baadaye. Daktari Bingwa wa magonjwa ya akili alitukusanya Mbarara, wauguzi wa vituo mbalimbali, akatufundisha uchunguzi wa uwezo wa akili. Nitaueleza, maana vijana wanadhani ni mashine. Ni mazungumzo. Unampa mgonjwa maneno matano, unazungumza naye mambo mengine, kisha unamwomba ayarudishe: hiyo ni kumbukumbu. Unamwambia ataje siku za juma kurudi nyuma: huo ni uzingativu. Unamwambia ataje vyakula vyote vinavyouzwa sokoni, haraka haraka: hapo unaona akili inavyokimbia. Mwisho anachora kitu, nawe unaona anavyopanga.

Daktari Bingwa alikuwa mtu mpole, lakini jambo moja alilisema kwa ukali. "Msilete kipimo cha mtu aliyesoma mkampima mtu ambaye hakukanyaga shule. Mtamwita mgonjwa kwa sababu ya umaskini wake. Na msimpime wakati sauti zinamsumbua au hajalala. Mpimeni akiwa ametulia, mrudie baada ya miezi, na mlinganishe na yeye mwenyewe, si na jirani yake."

Basi nilipohamishiwa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, katika kituo kimoja cha afya huko, nilikwenda na kipimo kilichovaa nguo za mahali. Maneno yangu matano yalikuwa jembe, ndoo, mihogo, mkeka na mbuzi. Kuchora tulichora ardhini kwa kijiti: nilimwomba mgonjwa achore nyumba yake na vilivyomo. Wengi walipungukiwa na kitu, kama tulivyotarajia, nasi tukapanga huduma upya: dawa kwa mwenzi wa nyumbani, maelekezo mafupi, jambo moja kwa wakati mmoja. Hiyo ilikuwa kazi ya kila siku, na ilinipendeza.

Hapo ndipo nilipomjua Fundi Riziki. Alikuwa Mkongomani wa Kivu ya Kusini, mshonaji pale Kashojwa, kijiji kimojawapo cha Nakivale, mtu wa makamo, mwembamba, mwenye sindano na pini kwenye ukosi wa shati. Skizofrenia ilimpata akiwa kijana, kabla ya kukimbia kwao, lakini kwa sindano ya kila mwezi alikuwa ametulia kabisa. Nilipompima mara ya kwanza alirudisha maneno yote matano. Nilipomwomba ataje vyakula alisema, "Chakula najua kidogo, mama Sista. Acha nikutajie vitambaa." Akaanza: kitenge, popelini, tetroni, jinzi, kaki, akaendelea hadi nikamwomba anyamaze, huku wagonjwa kwenye benchi wakicheka.

Aliyekuwa akimleta ni mdogo wake, Yakobo, aliyeishi naye nyumba moja. Yakobo alikuwa akimbeba kwenye baiskeli, anamshikia kofia, anasubiri juani bila kunung'unika. Familia nyingi huchoka. Kwenye mikutano ya walezi nilikuwa namsimamisha Yakobo mbele ya watu na kusema, "Mwoneni huyu." Alikuwa akiinamisha kichwa kwa haya.

Siku moja Yakobo alikuja na shati mkononi. Riziki alikuwa nyuma yake, akitembea polepole, akichoka kabla ya kufika benchi.

"Mama Sista, ona kazi ya ndugu yangu," Yakobo alisema, akalikunjua shati. Lilikuwa limeshonwa vizuri, ukosi umenyooka, vifungo vimekaa sawa. Lakini lilikuwa na mkono wa kulia tu. Upande wa kushoto palikuwa na tundu tupu.

"Mwenye shati alikataa?"

"Alikasirika sana. Na ndugu yangu anasema shati imeisha. Anasema, 'Imeisha, unataka nini ingine?' Iko anasahau mingi, mama. Analala mingi. Batu banasema ni mapepo. Mi sina fasi ingine ya kumupeleka."

Nilimkalisha Riziki, nikampa maneno yale yale. Alirudisha moja, mbuzi, kisha akauliza kwa nini namuuliza habari za mbuzi. Siku za juma alianza Jumapili, akasimama hapo hapo. Nikampa kijiti achore nyumba yake. Alichora mlango, cherehani, kitanda, vyote vimesongamana upande wa kulia. Upande wa kushoto aliuacha wazi, kana kwamba nusu ya nyumba yake haikuwahi kujengwa.

Ugonjwa wake nilikuwa nimeuona kwa watu wengi, na haukuwa ukifanya hivyo. Unamega taratibu, kwa miaka. Haumpokonyi mtu nusu ya dunia katika majuma machache. Nilimtazama akisimama: mguu wa kushoto ulikuwa ukiburuta vumbi.

Nikamgeukia Yakobo. "Nisikilize vizuri. Alianguka? Aligongwa na boda? Kuna mtu alimpiga kichwani?"

"Hapana, mama."

"Una hakika?"

"Hakuanguka. Hakuna mutu alimupiga."

Nilimwita inchaji, msimamizi wa kituo. Alikuwa daktari kijana wa Kiganda, mwenye kazi nyingi kuliko mikono, na mbele ya wagonjwa alijitahidi kusema Kiswahili ili wasidhani tunawasengenya.

"Sista, huyu si mugonjwa yetu ya zamani? Ugonjwa yake nakula yeye pole pole. Hiyo ni kawaida."

"Si polepole, Daktari. Miezi michache iliyopita alikuwa akinitajia vitambaa. Njoo uone nyumba aliyochora."

Alikuja, akaitazama ile michoro ya vumbi kwa muda. Kisha akapiga magoti mbele ya Riziki, akampima nguvu za mikono, akammulika machoni, akamkwaruza nyayo. Alipoinuka uso ulikuwa umebadilika. "Pigia ambulensi," alisema. "Mimi naandika Mbarara sasa hivi." Hakuniacha hata nimalize kusema asante.

Mbarara walimpiga skani ya kichwa. Daktari wa upasuaji alituonyesha picha: kati ya fuvu na ubongo, upande wa kulia, palikuwa na damu nyingi iliyovilia, imeusukuma ubongo kando. Alieleza kwamba damu ya namna hiyo hutoka kidogo kidogo baada ya pigo, ikajikusanya kwa majuma, na mtu akaonekana anachanganyikiwa polepole. "Kwa mtu mwenye ugonjwa wa akili watu hudhani ni ugonjwa wake tu," alisema. "Mngechelewa angekufa usingizini." Nilimwangalia Yakobo. Alikuwa ameegemea ukuta, midomo imekauka, akiitazama ile picha kama mtu anayesomewa hukumu. Nilidhani ni huruma.

Walitoboa tundu dogo kwenye fuvu, wakaitoa damu. Jambo lililofuata sijaliona tena katika kazi yangu yote. Niliporudi kumtazama baada ya siku chache, nikiwa nimejiandaa kwa lolote, Riziki alikuwa ameketi kitandani, kichwa kimefungwa bendeji, akila uji kwa mkono wa kushoto.

"Mama Sista," alisema, "jembe, ndoo, mihogo, mukeka, mbuzi."

Machozi yalinitoka mbele ya wodi nzima. Nilivuta kiti, nikamshika mkono. Alikuwa akinitazama kwa macho makavu, na nikaona kwamba hakuwa na furaha kama yangu.

"Yakobo iko wapi?"

"Ameenda kukuletea maji ya moto."

"Mama, badaktari banasema nilianguka. Mimi sikuanguka. Yakobo alinipiga. Na mutwangio, ile muti ya kutwanga majani ya sombe. Nilikuwa nimegeuka. Alinipiga hapa."

Aligusa bendeji, upande wa kulia nyuma. Nilijiambia kwamba ni ugonjwa unasema. Ndiko akili inakokimbilia, hata akili ya muuguzi mzee. Lakini alieleza kwa mpangilio: jinsi sauti zilivyomrudia siku zile, sindano ya mwezi ilipokaribia kuisha nguvu, alivyoimba bila kunyamaza, alivyokata vipande kitambaa cha mteja, Yakobo alivyomsihi, kisha pigo. Maelezo yale hayakuwa na mambo ya ajabu ndani yake. Lilikuwa jambo lililotokea jikoni.

Yakobo aliingia na chupa ya maji ya moto. Riziki alimtazama tu. Sijui ni nini alichokiona Yakobo katika macho yale, lakini aliiweka chupa chini taratibu, akarudi nyuma hadi mlangoni. Nilimfuata kwenye baraza.

"Ni kweli?"

Alikaa chini kwenye saruji. "Nilichoka, mama. Nilikuwa sijalala. Nilimupiga mara moya. Alianguka, akaamuka, kesho yake akakula vizuri. Nikasema, Mungu amenisaidia. Kisha akaanza kusahau. Akasahau hata ile siku. Nikasema, Mungu amefuta."

"Nilikuuliza. Nilikuuliza nikikutazama machoni, ukasema hapana. Ndugu yako alikuwa anakufa!"

"Ndiyo."

"Sasa kwa nini ulimleta? Kila mara ulimleta wewe. Ungemwacha nyumbani nani angejua?"

Alifuta uso kwa kofia ya kaka yake, ambayo bado alikuwa ameishika. "Kinywa ilikataa kusema. Nilisema labda batamuona benyewe."

Nilisimama pale nikiwa nimeshtuka kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Mtu niliyekuwa nikimsimamisha mbele ya walezi wote alikuwa amempiga ndugu yake kichwani, na mtu huyo huyo alikuwa amembeba kwenye baiskeli hadi mlangoni kwangu ili apone, akijua kwamba akipona atasema. Nilitaka kumzaba kofi. Nilitaka pia kukaa naye pale chini. Sikufanya lolote kati ya hayo. Kazi yetu ina sheria: niliwaarifu daktari wa wodi na inchaji wangu, na polisi wakaitwa.

Afisa wa polisi aliyekuja alikuwa mtu wa heshima, lakini alinivuta pembeni. "Sista, huyu mutu si ndio ile mugonjwa ya kichwa? Sasa mimi naandika namna gani maneno yake? Kesho mukubwa ataniuliza."

"Kaa hapa," nilimwambia. "Sikiliza."

Nikampima Riziki mbele yake. Maneno matano, akayarudisha. Siku za juma kurudi nyuma, akazitaja bila kusita. Niliona midomo ya afisa ikichezacheza, akijaribu naye kimoyomoyo, akakwama Jumatano. Akacheka kidogo, akafungua kalamu. "Sawa. Huyu nakumbuka kushinda mimi. Sema, muzee, naandika." Na Riziki, ambaye kwa miaka mingi watu walikuwa wakimwambia kwamba aliyoyaona hakuyaona na aliyoyasikia hakuyasikia, alisema, na maneno yake yakaandikwa kama ya mtu mwingine yeyote.

Yakobo hakukana. Alikaa rumande. Mwishowe ni Riziki mwenyewe aliyeomba ndugu yake aachiwe, kwa sharti moja kwamba wasiishi tena nyumba moja. "Sitaki afungwe," aliwaambia. "Ila nyumba yake sirudi." Alipata chumba karibu na mama mmoja Mrundi muuza nyanya, ambaye alikubali kumkumbusha tarehe ya sindano, naye Riziki akarudi kwenye cherehani.

Nilistaafu mwaka uliofuata. Vijana huniuliza kazi yetu ilinifundisha nini, nami huwaambia mambo ya ufundi kwanza, kwa sababu ndiyo yanayookoa watu. Pima kila mgonjwa wa akili, hata aliyetulia, hasa aliyetulia. Rudia kupima. Mtu akibadilika ghafla usiseme ni ugonjwa wake wa zamani. Tafuta pigo, tafuta maambukizi, tafuta dawa iliyozidi, tafuta damu. Mlezi ni jicho lako nyumbani, lakini mpe naye nafasi ya kusema kwamba amechoka kabla hajafika mahali pabaya. Tulikuwa na maswali mengi kwa Riziki. Kwa Yakobo, swali la kwanza juu ya usingizi wake mwenyewe liliulizwa na polisi.

Kabla sijaondoka Nakivale nilikwenda Kashojwa kushonewa gauni la kuagia. Riziki alinizungushia utepe mabegani, kiunoni, akashusha hadi magotini, na hakuandika hata kipimo kimoja. Nikamuuliza kama hataki kalamu. Akagonga kichwa chake kwa kidole, karibu na kovu. "Iko humu, mama. Kuya nyuma ya siku tatu." Niliporudi kulivaa lilinikaa kama nimezaliwa nalo.

"Na Yakobo?" nilimuuliza wakati akilikunja.

"Anakuyaka siku ya Mungu, nyuma ya misa. Anaikala pa inje. Sijamuambia aingie. Sijamuambia aende."

Siku hiyo ilikuwa Jumapili. Nilipotoka nilimkuta Yakobo ameketi juu ya jerikani, upande wa kivuli, amekonda. Aliinuka kwa heshima, akanisalimu. Sikujua niseme nini, nikamuuliza habari za nyumbani. Hakunijibu hilo.

"Mama Sista, ulimupima tena?"

"Nilimpima."

"Anakumbuka yote?"

Nilidhani anaogopa. Nilidhani bado anatumaini kitu kimoja kidogo kimefutika. Nikamwambia kweli, kwa sauti ya muuguzi, bila kupunguza. "Anakumbuka yote, Yakobo."

Alifumba macho. "Mungu asifiwe," alisema, na mabega yake yakashuka kama ya mtu aliyetua mzigo. Nikasimama pale na gauni langu mkononi, nikimtazama, kwa sababu alikuwa akimaanisha alichosema.